Kimya cha Chumba cha Nyuma

Siku hiyo hakuna aliyekohoa.

Unaona ni jambo dogo? Basi hujawahi kukaa ukumbini. Jaza watu kwenye viti vya mbao, funga milango, zima taa, waambie wanyamaze, halafu tega sikio. Mmoja atakohoa. Mwingine atavuta kamasi. Mtoto ataomba maji. Na hakosekani bwana mmoja anayefungua pipi polepole ili asiwasumbue wenzake, na upolepole wake huo ndio unaosikika mpaka mtaa wa pili. Binadamu hajui kunyamaza.

Lakini mchana huo, kwenye onyesho la saa tisa, ukumbi ulijaa hadi wengine wakakalia ngazi, na giza lilipoingia hakuna aliyekohoa, hakuna aliyejikuna, hakuna kiti kilicholia. Kwenye kibanda cha taa, juu kule nyuma, Fundi Taa aliinua kichwa. Hakuwa kijana wa kutishika ovyo. Alishazoea kulala peke yake jukwaani akiwa amejifunika pazia. Siku hiyo alijikuta anapapasa masikio yake kuhakikisha kama bado yapo.

Kisha dada yake akasema mstari wake kule jukwaani, ngoma ikalia, naye akawasha. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likadondoka kwenye dari. Fundi Taa akajiambia ni uchovu, na kwa kweli hata mimi ningejiambia hivyohivyo.

Mchezo wenyewe uliitwa *Mpangaji wa Chumba cha Nyuma*. Mwanamke anahamia chumba ambacho mpangaji wa kwanza alifia humo. Jukwaani kuna kabati, meza ya kioo, na kiti kimoja kitupu chenye mto. Basi. Jini linalomsumbua humo halionekani tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walikuwa wanalia machozi kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu aliyewaonyesha, na hapo lazima umpe Mwongozaji sifa zake, upende usipende.

Mwongozaji alikuwa bwana mwembamba, anayetembea peku ukumbini ili awashtukize waigizaji wake. Kutisha alikujua kama mpishi anavyojua chumvi. Kwanza anakuchekesha, maana mtu aliyecheka ameshalegea. Halafu anapunguza mwanga kidogokidogo, hujui hili wala lile, mpaka unageuka na humwoni jirani yako. Ngoma inadunda kwa mwendo wa moyo wako, kisha inachelewa kidogo, na moyo wako mjinga nao unachelewa kuifuata. Feni iliyofichwa chini ya viti inakupuliza baridi kwenye vifundo vya miguu. Wanaume waliokuja na wachumba wao ili wakumbatiwe, wao ndio waliokuwa wakikumbatia. Waliosoma wana jina lake refu. Sisi tunasema umebanwa pumzi.

Kilele chake ni kimya. Mwanamke anasikia kitu nyuma ya kabati, anauliza, "Nani hapo?" Hapo taa zote zinazimwa. Na kimya hicho kilikuwa na sheria. Anayekivunja ni yeye mwenyewe, kwa kusema, "Nimekuona. Toka." Mpiga ngoma akiyasikia maneno hayo ndipo anapopiga. Fundi Taa akiisikia ngoma ndipo anapowasha. Bawabu, ambaye anatia komeo kwa nje ili mchelewaji asiingize mwanga, akiona taa chini ya mlango ndipo anapofungua. Hakuna kumtangulia mwenzako. Fundi Taa aliwahi kuwasha kabla ya ngoma, siku moja ya mazoezi, na Mwongozaji akamsimamisha jukwaani mbele ya kundi zima, akammulika usoni kwa taa zote, akamwambia, "Simama hapo mpaka ujue tofauti ya mwanga na ujinga." Alisimama hadi macho yakamwaga maji. Tangu siku hiyo hata angeona ukumbi unaungua, angesubiri ngoma.

Yule mwanamke wa jukwaani alikuwa mdogo wake Fundi Taa, tumbo moja. Mama yao alimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajaanza kutembea, na hakuwahi kupumzika tangu hapo. Ukimsalimia asubuhi, jibu linakwisha mchana. Sasa mchana huo Fundi Taa alimkuta chumba cha kujipodolea, anajifuta poda usoni, hasemi neno.

"Leo umetuchelewesha," akamtania. "Ulisahau mstari au ulisinzia?"

"Kaka, funga mlango."

"Mbona unanong'ona?"

"Funga kwanza."

Akafunga. Chiriku akaweka kitambaa chini.

"Nilitaka kusema mstari wangu. Mdomo niliufungua kabisa. Sauti haikuja. Kuna mtu aliniinamia hapa," akagusa midomo yake, "akawa anaivuta pumzi yangu kama anakunywa soda kwa mrija. Alipotosheka ndipo akaniachia."

"Ni joto hilo. Hujala tangu asubuhi."

"Joto lina harufu? Maana huyu ana harufu, kaka. Harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahauliwa sandukuni."

Fundi Taa alikuwa na utani tayari, uko hapo ulimini. Akaumeza. Harufu hiyo ilikuwa kwenye shati lake tangu taa zilipozimwa, naye alidhani ni jasho.

Mwongozaji akaingia bila hodi wala kishindo, nyayo zake zile.

"Chiriku, mwanangu! Kimya gani kile? Kuna mama amezimia safu ya mbele, mumewe anampepea kwa kiatu! Kesho kirefushe tena."

"Bosi, si mimi niliyekirefusha."

"Unyenyekevu haukupendezi. Kirefushe."

"Naomba ile sehemu tuiache, bosi. Nakuomba sana."

"Tuiache?" Mwongozaji akacheka. "Bila ile sehemu nimebaki na mwanamke na kabati. Watu wana wanawake na makabati nyumbani kwao."

Kesho yake Chiriku aliuliza "Nani hapo?", Fundi Taa akashusha swichi, na kimya kikaja, mwanzoni kimya cha kawaida cha watu wanaongoja kutishwa, lakini kikaendelea, kikapita pale kilipokuwa kikiishia siku zote, na Fundi Taa akiwa na mkono kwenye swichi akasikia mabati ya paa yaliyokuwa yakialika kwa jua yakiacha kualika, honi za barabarani zikikatika moja baada ya nyingine, feni ya chini ya viti ikipuliza bila mlio, na ile harufu ya nguo mbichi ikapanda kutoka jukwaani safu kwa safu kama maji yanayojaa kwenye ndoo, ikamfikia magotini, ikamfikia shingoni, na yeye bado anasubiri ngoma, na mpiga ngoma kule pembeni anasubiri mstari, na bawabu kule juani na komeo lake anasubiri mwanga, kila mtu mahali pake, kila mtu mtiifu, na katikati yao mdogo wake peke yake gizani na mdomo wazi.

Alitaka kumwita. Ulimi ukawa mzito kama umefungwa tofali.

Ndipo akaiona aibu yake usoni kwake, zile taa zote, kundi zima likimtazama, akaona afadhali hiyo mara kumi. Akawasha.

Hebu fikiria alichokiona. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele, midomo wazi, na hakuna kifua kilichokuwa kinapanda wala kushuka. Kioo cha meza kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi, wakati Chiriku alikuwa amekipa mgongo na yuko mbali nacho. Na kwenye kiti kitupu, mto ulikuwa umebonyea katikati, kisha ukaanza kuumuka taratibu, kama mtu ndiyo kwanza anainuka.

Chiriku akaanguka. Watu wote wakavuta hewa kwa pamoja, mvuto mmoja mkubwa kama wa mtu aliyeibuka majini. Halafu, nakwambia, wakasimama wakapiga makofi.

Mwongozaji alipanda kibandani akiwa ametoa mishipa ya shingo.

"Umewasha kabla ya ngoma!"

"Alikuwa anakufa, bosi!"

"Alikuwa anaigiza! Wewe nani kakwambia kufa ni kazi yako? Yako ni swichi!"

Chiriku hakuongea tena. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima kama la mtoto. Lakini pumzi yake ilikuwa inapungua. Akipanda ngazi ya nyumbani kwao, anakaa katikati. Akifua leso, anajilaza. Ilifika mahali kaka yake akimtazama usingizini anahesabu kifua kikipanda, na kila mara kinachelewa zaidi kupanda. Yeye ambaye alikuwa anamwambia "nyamaza kidogo, kichwa kinauma" kila siku ya Mungu, sasa angetoa hata meno yake ya mbele asikie mtoto wa mama yake akimsengenya jirani.

Akampeleka kwa Msusi.

Mwanamke huyo alijulikana kwa mambo mawili, kusuka na kufukuza hao wenzetu wasioonekana, na yote mawili aliyafanya kwenye kiti kilekile, redio ikiwa juu na wateja wanabishana. Usimfikirie bibi kizee mwenye hirizi. Alikuwa mama wa makamo, kucha nyekundu, raba nyeupe, chanuo mdomoni. Alimkalisha Chiriku chini, akagawa nywele, akaweka kidole utosini. Akalitoa chanuo.

"Shoga, kichwa chako cha baridi. Mmemtoa wapi huyu?"

Fundi Taa akaeleza. Saluni ikapunguza kelele ili isikie vizuri, Msusi akawakemea: "Nani kawaambia mnyamaze? Endeleeni!" Wakaendelea.

"Huyu kakatiwa katikati," akasema. "Kavuta pumzi ya kusemea, ikachukuliwa kabla hajaitumia. Iko kule kwenu. Hii aliyobaki nayo ni masalio, na masalio yanakwisha. Inabidi arudi palepale, gizani vilevile, aseme neno lake mpaka mwisho. Asiposema, jiandae kununua sanda."

"Arudi kule? Mama, kule ndiko kuna huyo..."

"Ukiangusha ufunguo kisimani utautafuta jikoni?"

Fundi Taa akanyamaza, Msusi akamchoma na chanuo begani.

"Wewe nawe usininyamazie. Nyinyi watu wa maigizo mna wazimu. Mnafunga watu kwa komeo, mnazima taa, mnawafanya wabane pumzi wote kwa pamoja. Wale wenzetu hutafuta mahali kama hapo miaka na miaka. Mmewatandikia kitanda, mnashangaa wamelala."

"Tufanyeje sasa?"

"Watazamaji niachie mimi."

Mwongozaji aliposikia kuwa ukumbi utajaa, alikubali onyesho lirudiwe kabla hawajamaliza sentensi. Hakuuliza utajaa nani. Saa tisa wakaingia: wanawake waliosukwa nusu kichwa, wanawake wenye povu la dawa masikioni, watoto wa mgongoni, mafundi wa gereji ya jirani na spana mifukoni, wapiga debe, na bibi mmoja kiziwi ambaye hujibu hata asipoulizwa. Msusi akasimama mbele yao.

"Kazi ni moja. Taa zikizimwa, mtu asinyamaze. Ongea chochote. Sengenya, imba, tukana kama mkweo hayupo. Atakayenyamaza ametuuza wote. Na wewe baba."

Alikuwa anamwambia Mwongozaji, aliyeketi safu ya nyuma, chini ya kibanda cha taa, uso umemvimba kwa hasira.

"Nimejenga kimya kile kwa mikono yangu," akasema. "Mimi siwezi kushiriki upuuzi huu." Akaweka kidole kwenye midomo yake, akabana.

Bawabu akatia komeo. Chiriku akasukumwa jukwaani. "Nani hapo?" hakuweza kuisema, akaitamka kwa midomo tu. Fundi Taa akazima.

Kelele iliyotokea hapo! Mwanamke mmoja alikuwa anamweleza mwenzake jinsi wifi yake alivyokula nyama yote ya wageni. Fundi gereji anasifia injini. Watoto wanalia. Bibi kiziwi anauliza, "Wamesema nini?" na anajijibu. Fundi Taa naye akawa anapiga kelele kibandani, anataja majina ya balbu, ilimradi sauti.

Kisha harufu ikaja.

Ilianzia mbele. Hadithi ya wifi ikakatika katikati ya nyama. Injini ikakatika. Mtoto aliyekuwa analia akakatika juu kabisa ya kilio, pale ambapo mtoto huvuta hewa ili aendelee, na hakuendelea, na mmoja baada ya mwingine, safu baada ya safu, sauti zikazimika kama mtu anapita na koleo akizibana tambi za mishumaa, bibi kiziwi akauliza "Wamesema ni..." akaishia hapo, na gizani ikabaki sauti ya Msusi peke yake kule mbele, anaimba, anatukana, anaimba tena, mpaka nayo ikawa nyembamba kama uzi, na Fundi Taa akaelewa kwamba uzi ukikatika amebaki yeye, na akili yake ikawa nyeupe, balbu zote zimemwisha, hana la kusema, na ile baridi imeshamshika kidevu.

Sasa mtu ambaye kutania ndiyo kazi yake ya pili atasema nini akibanwa hivyo? Atatania.

"Chiriku!" akapiga ukelele. "Unakumbuka ulipoigiza maiti shuleni? Ukalazwa mbele ya wazazi, mwalimu analia, watu wanalia, wewe ukapiga chafya? Mama akasimama akasema, Mwanangu, ukifa kufa basi!"

Kimya.

"Na ukaomba radhi! Maiti! Ukainuka ukasema, Samahani, naendelea!"

Kule jukwaani kikasikika kitu kidogo, kama maji yanatafuta njia kwenye bomba lililoziba. Kikakwama. Kikaja tena. Kikalipuka. Chiriku alikuwa anacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyejizuia mno, kinachotoka na mate na makamasi, na kicheko, wewe mwenyewe unajua, hakichekwi bila pumzi. Alikuwa ameipata. Akaivuta yote, mpaka kibandani ilisikika inavyoingia.

"Nimekuona!" akasema kwa sauti yake ile ya kuamsha mtaa. "Toka!"

Ngoma ikalia. Taa zikawaka. Komeo likafunguka, jua likaingia hadi miguuni kwa watu. Kila mtu akawa anaongea kwa wakati mmoja, yule wa nyama akaanza hadithi upya, Chiriku amekaa chini jukwaani anajishika mbavu na kusema na kusema na kusema. Fundi Taa alishuka ngazi akiruka, akamkumbatia mdogo wake mpaka akaambiwa anambana.

Msusi pekee hakufurahi. Alisimama katikati ya ukumbi ananusa.

"Limetoka kwa Chiriku," akasema. "Limepita wapi?" Akawatazama mmoja mmoja. "Nani humu alinyamaza?"

Watu wakageuka safu ya nyuma. Kiti kilikuwa kitupu.

Waliwahi mlangoni na kumwona. Mwongozaji alikuwa anatembea katikati ya mtaa, peku, kidole bado kiko mdomoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Muuza masufuria aliyekuwa akinadi bidhaa zake akamtazama akipita, mdomo ukabaki wazi. Pikipiki iliyokuwa inanguruma ikaendelea kutoa moshi bila mngurumo. Watoto waliokuwa wanacheza waliendelea kuruka, na miguu yao ilikuwa inatua kama kwenye pamba.

"Baba we! Simama!" Msusi akamkimbilia na raba zake nyeupe, anapiga kelele kama ambulensi. Walimsikia mpaka kwenye kona. Alipoipinda, sauti ikakatwa. Si kwamba ilififia. Ilikatwa.

Chiriku akamshika kaka yake mkono, wakaondoka kwa njia nyingine, na yeye anaongea. Aliongea habari za maiti na chafya, za viatu, za mvua, za mwalimu yule aliyelia. Aliongea akipanda ngazi, safari hii bila kukaa. Aliongea akifungua mlango, akifunga madirisha, akiburuza kabati kulizibia mlango, akajibu na maswali aliyojiuliza mwenyewe. Kaka yake akaweka chai, Chiriku akainywa kwa kumwaga nusu, maneno yakipita pembeni ya kikombe.

"Basi, mdogo wangu," Fundi Taa akamwambia. "Tumefika. Pumzika kidogo."

Chiriku akatikisa kichwa, hakuacha kuongea. Kwa kidole akamwonyesha dirishani. Fundi Taa akasogeza pazia.

Chini uani, mbwa wa jirani alikuwa amevuta mnyororo hadi mwisho, amesimamisha manyoya ya mgongo, anabweka kuelekea mlango wao kwa nguvu zake zote, na hakukuwa na sauti yoyote.